Shati Lililorudi Bila Mwenyewe

Wajukuu wangu hupenda nianze na uwanja wa polisi, pale lori linapoingia limejaa watu na wanawake wa mtaa wa Kadutu wanapiga vigelegele mpaka mbwa wa Komisera akakimbilia chini ya gari. Nitafika huko. Lakini nataka kuanzia mezani pangu, kwa sababu kosa lilianzia hapo, nalo ni langu.

Nilikuwa karani katika ofisi ya utawala hapa Bukavu, miaka ya mwisho ya ukoloni. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri, na mwandiko wangu ulisifiwa. Kazi yangu ilikuwa vitabu vya utambulisho. Kila mwanaume mweusi wa mji alikuwa na kitabu chake kidogo: jina, baba, mtemi, kilima alikozaliwa, chanjo, bwana anayemfanyia kazi. Bila kitabu hukuweza hata kwenda Kavumu kumsalimia mama mkwe. Ukitaka kwenda mbali zaidi ulihitaji pia karatasi ya njia, na karatasi hiyo niliiandika mimi. Asiyekuwa na kazi alipewa siku chache, kisha alirudishwa kijijini kwao. Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu, nami nilipenda jinsi watu walivyoitazama droo ile.

Nilikuwa na tamaa moja kubwa. Serikali ilitoa kadi ya sifa kwa Waafrika wachache iliowaona wamestaarabika. Mwenye kadi hakuchapwa fimbo, na baada ya saa za marufuku aliweza kupita katika mtaa wa wazungu bila kufukuzwa. Walikuja mpaka nyumbani kukagua kama unakula mezani na kama mke wako anafunika sahani. Nilinunua uma kwa ajili ya kadi hiyo. Nilikuwa bado sijaoa, lakini uma nilikuwa nao.

Siku moja akaja mezani pangu mzungu mmoja wa ofisi isiyo na kibao. Ofisi zote za Bukavu zilikuwa na vibao: posta, forodha, kilimo. Yake ilikuwa nyumba nyeupe karibu na ziwa, yenye waya mrefu wa redio juu ya paa, na hakuna aliyejua inafanya nini. Aliongea nami Kifaransa, akaniita "Musieu", jambo lililonipendeza kuliko ilivyostahili.

Alitaka orodha ya wanaume wenye nguvu wasio na kazi. Alisema ni kazi ya barabara, upande wa Luvungi.

"Vitabu vyao vitabaki kwako," alisema. "Na usiwaandikie karatasi za njia."

Nilikuwa nimegonga mihuri mingi kiasi cha kuelewa maana ya maneno hayo. Wafanyakazi wa barabara huenda na vitabu vyao. Mtu anayepelekwa mbali bila kitabu ni mtu ambaye, akifa, hakuna ofisi itakayoulizwa. Nikafungua kinywa. Yeye akaniwahi: "Jina lako liko mbele katika orodha ya kadi." Nikakifunga.

Nikamwandikia watu kumi na wawili. Walikuwa wachimbaji wa dhahabu kutoka Mwenga, waliokuja mjini kutafuta kazi baada ya mgodi wao kufungwa. Niliwachagua kwa sababu hawakuwa na ndugu Bukavu wa kuja kunisumbua. Naandika jambo hili waziwazi, maana kwa miaka mingi nilipolisimulia niliruka hapo.

Baada ya wiki chache tukaanza kusikia habari za ng'ambo ya mto Ruzizi. Nchi ile haikuwa koloni kama yetu. Wakubwa wetu walikuwa wamekabidhiwa waiangalie tu, na kila baada ya muda wakaguzi wa mataifa walikuja kuona wanaiangalia vipi. Kule watu walikuwa wamegawanyika katika pande mbili, na Serikali ilikuwa na upande wake. Haikuweza kupeleka askari waziwazi mbele ya wakaguzi. Wanawake waliovuka daraja kuja kuuza maharagwe walisimulia habari za wanaume waliovaa kaptula za kaki zisizo na alama yoyote, wanaochoma nyumba za upande mmoja tu, wakiitana kwa Kiswahili cha kwetu. Redio ilisema wenyeji wanapigana wao kwa wao. Mimi niliisikia redio hiyo ofisini, na vitabu kumi na viwili vilikuwa chini ya goti langu, kwenye droo ya chini.

Watano walirudi, wakiwa na mbuzi na mablanketi ambayo sikuwauliza wameyapata wapi. Saba hawakurudi.

Kisha yule mzungu akaja kutaka orodha ya pili, ya watu thelathini na mmoja. Niliandika kwa bidii siku mbili. Alipokuja kuichukua, orodha ilipungua mtu mmoja, na mzungu alikuwa amesimama mbele yangu akitazama saa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa amefukuzwa kazi kwenye shamba la kwinini, na siku zake za kukaa mjini zilikuwa zinakaribia kwisha. Wangemrudisha kwao Nyangezi, na dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikaandika jina lake. Nilijiambia namsaidia, atapata posho na blanketi, na kwamba huenda safari hii ni barabara kweli. Ukweli ni kwamba nafasi moja ilikuwa tupu na Bwana alikuwa anangoja.

Waliondoka kwa lori. Nilimwambia dada yangu, "Anaenda kulima barabara," naye akanishukuru kwa mikono miwili.

Siku ya kumi na tano, siku ya tano ya juma, yaani Ijumaa, dereva wa lori lile alileta gunia ofisini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na nadhani aliniona kama mwenzao. "Nguo zao za nyumbani," alisema. "Bamevaa zingine. Ziweke pamoja na vitabu. Siku ya pili banavuka." Siku ya pili kwetu ni Jumanne. Aliangusha gunia kwenye varanda, akaenda zake kunywa.

Dada yangu alikuja kuniuliza habari, kama alivyofanya kila wiki. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya gunia, ameshika shati la mistari ya buluu.

"Yaya," akasema, kwa maana hivyo ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "hii shati iko ya nani?"

"Wacha hiyo gunia. Iko ya kazi."

"Nakuuliza shati. Hii kifungo nyekundu nilishona miye. Nilikosa ya buluu."

"Bamewapa nguo ya kazi. Zile za nyumbani bakazirudisha, basi."

"Nguo inarudi, mwenyewe anabaki. Kwetu hiyo inaitwa nini, weye uliyesoma?"

Kwetu nguo za mwanaume hutangulia kurudi nyumbani kwa sababu moja tu. Wale wazungu walifikiria bunduki, chakula, mahema na njia ya kuvukia. Walifikiria hata kumvua mtu shati lake lisije likasema alikotoka. Hawakufikiria kwamba shati hilo lina mke.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya ofisi. Alikuwa amejifunga ugwe wa mgomba kichwani, kama mjane, na shati lilikuwa mapajani pake. Wake wa wazungu waliokuja kuchukua karatasi zao walipita wakiinua gauni. Planto, yule mzee mlinzi wa mlango, alikuwa anamsihi.

"Maman, toka hapa. Bwana Administrata yuko njiani."

"Akuje. Atanisaidia kulia."

"Maman, nitafukuzwa kazi!"

"Basi ukae hapa karibu, tulie batatu."

Nilimchukua nyuma ya ofisi, penye tangi la maji, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu nyumba nyeupe, kuhusu watu wa Mwenga, kuhusu kadi. Alisikiliza bila kunikatiza. Alipoongea hakupaza sauti.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nusu."

"Nusu gani, ya juu ao ya chini?"

Nikatazama mikono yangu.

"Ulimuandika kwa mukono gani? Huu?" Alinishika mkono wa kulia, akaubana kama anayepima ndizi. "Basi mukono huu umuandike tena, arudi. Miye ile ugwe siitoi kichwani. Nitakaa na yo kwa ngazi ya biro yako mpaka mutoto azaliwe. Bakiuliza nani amekufa, nitasema bwana yangu, na nani amemuua, nitasema kaka."

Alifanya alichosema, akarudi kuketi kwenye ngazi.

Nilikaa mezani na mashine yangu ya kuandikia, nikitazama kazi za Jumamosi. Kila Jumamosi ofisi yetu ilipeleka ilani kwenye vizuizi vyote vya barabara: waliotoroka kazi, baiskeli zilizoibiwa, ng'ombe wasiotakiwa kuvuka. Kimoja cha vizuizi hivyo kilikuwa kwenye bonde la Ruzizi, mti uliolazwa barabarani kati ya Luvungi na mahali pa kuvukia. Polisi waliokilinda hawakujua lolote kuhusu nyumba nyeupe. Siri ni siri. Ndipo nikaona kwamba siri yao ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa kazi yangu ya kila wiki.

Nikaandika: "Kundi la wanaume thelathini na mmoja, wakazi wa Bukavu, wanasafiri bila vitabu na bila karatasi za njia. Wakamatwe, warudishwe wote Bukavu, wakabidhiwe kwa Komisera wa polisi." Niliisoma mara tatu. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Niliiweka kati ya ilani ya baiskeli na ilani ya chanjo ya ng'ombe, nikaupeleka mrundo wote kwa Administrata, mkuu wa ofisi yetu.

Administrata alitia sahihi asubuhi hiyo hiyo akiwa tayari amevaa kofia, kwa sababu mashua ilimngoja ziwani. Aligeuza karatasi kwa kidole cha mkono wa kushoto na kusaini kwa wa kulia. Alipofika kwenye ile yangu, aliinua macho.

"Unatetemeka. Una malaria?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kanywe kwinini." Akasaini.

Gari la barua liliondoka adhuhuri.

Yaliyotokea kizuizini nilisimuliwa na dereva mwenyewe, miaka mingi baadaye, tulipokuwa sote wawili wazee, tukiweza kucheka. Sajini wa kizuizi kile alikuwa mtu wa jimbo la mbali la Ekwateri, mrefu, asiyejua Kimashi, lugha ya kwetu, na asiyemwogopa mtu. Aliwahi kumkamata katekista pamoja na kengele ya misa kwa sababu karatasi yake ilikuwa imepitwa na siku moja. Jumanne lori lilipofika alilizunguka taratibu, ilani mkononi.

"Moko, mibale, misato," akahesabu kwa Kilingala mpaka thelathini na moja, kisha akaanza tena kutoka nyuma. "Vitabu?"

"Sajini, hii iko kazi ya Serikali," dereva akasema.

"Vizuri. Serikali imetia mukono wapi?"

"Haitie mukono. Iko kazi ya siri."

"Aa! Ya siri." Sajini akamwonyesha ilani. "Hii hapa iko ya Serikali, na iko na mukono na muhuri. Yako haina. Sasa kati yetu sisi wawili, nani anafanya kazi ya Serikali?"

"Papa, utaniharibia. Bwana atakasirika."

"Bwana gani? Mulete, naye anionyeshe kitabu yake."

Hakukuwa na Bwana wa kumleta. Kanuni ya nyumba nyeupe ilikuwa kwamba mzungu hasafiri kamwe pamoja na lori, asije akaonekana. Bunduki nazo zilikuwa zinangoja ng'ambo. Wanajeshi wastaafu wawili waliowafunza wale watu waliruka chini na kutokomea kwenye mashamba ya pamba. Sajini akapanda mbele karibu na dereva, akaweka polisi wanne nyuma, akaamuru lori ligeuke.

Walilala njiani, wakapita Nyangezi asubuhi, na siku hiyo hiyo ya tatu ya juma, yaani Jumatano, saa nne, wakaingia Bukavu. Soko lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja wa Kadutu alimtambua mwanawe juu ya lori, akaacha mihogo yake chini na kuanza kukimbia. Wengine wakamfuata bila hata kujua kuna nini. Lori lilipopinda kuingia kwa polisi lilikuwa na mkia wa wanawake mia na zaidi. Mbele kabisa alikuwa dada yangu, na tumbo lake, na ugwe wake kichwani.

Mimi nilifika na sanduku la sabuni lenye vitabu thelathini na kimoja. Administrata alikuwa ameitwa, amekasirika, hajui anakasirikia nini. Kisha gari la nyumba nyeupe likaja kwa kasi. Yule mzungu akashuka, akaona wanawake, akaona Sajini amesimama wima na ilani mkononi, akaona na mimi.

Komisera akamuuliza, mbele yetu sote, "Hawa ni watu wako?"

Aliwatazama mmoja mmoja. Kama angesema ndiyo, angeulizwa alikuwa anawapeleka wapi, na jibu lingekuwa na mashahidi mia wenye vikapu. Jasho lilimtoka chini ya miwani.

"Hapana," akasema. "Siwajui."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Jumamosi. Nikapiga hatua mbele, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotarajia.

"Bwana Komisera, mimi ninawajua. Ni watu wa mji huu. Vitabu vyao hivi hapa."

Nikaanza kuita. Niliita jina la kila mmoja, na la baba yake, na kilima chake, kama ilivyoandikwa. Na kila mmoja alijibu "Niko!" akaruka kutoka kwenye lori, akachukua kitabu chake mkononi mwangu. Baada ya watano, wanawake walianza kujibu pamoja nao. Mwanaume akisema "Niko!" uwanja mzima ulisema "Yuko!" na vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Polisi walikuwa wanacheka. Hata planto wetu alikuwa amekuja, anapiga makofi na kofia ya kazi kwapani.

Shemeji yangu alikuwa wa mwisho, kwa sababu nilimwandika wa mwisho. "Niko, shemeki," alisema. Hakuchukua kitabu mara moja. Alinitazama kwanza, na nilistahili kutazamwa hivyo.

Adhabu ya kutembea bila kitabu ilikuwa siku saba za kifungo. Komisera akatazama kachot yake, selo iliyotosha watu kumi. Akatazama wanaume thelathini na mmoja, akatazama wanawake. "Ondoeni watu hawa kwangu," akasema. Malango yakafunguliwa.

Dada yangu aliuvua ugwe, akaufunga kwenye kioo cha gari la nyumba nyeupe. Kisha akamtupia mumewe shati. "Vaa," akamwambia. "Umekonda. Bazungu hawajue kupika?"

Tulipanda Kadutu kwa miguu tukiimba nyimbo za harusi, kwa kuwa hatukuwa na nyimbo nyingine za furaha kiasi hicho. Njiani shemeji yangu alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu walikuwa wameonyeshwa mchoro wa vilima vya ng'ambo. Mama yake alizaliwa kule. "Kilima cha kwanza kilikuwa cha wajomba zangu," alisema. "Sijue ningefanya nini, shemeki. Kabisa, sijue." Niliendelea kuimba.

Ijumaa nilifukuzwa kazi. Yule mzungu alikuja mwenyewe kunitazama nikifunga vitu vyangu. Hakuweza kunishtaki, maana kosa langu lilikuwa kuwakamatisha watu aliosema hawajui. "Umejiharibia kadi," alisema tu. Nilitoa ule uma mfukoni, nikamwachia juu ya meza. Kabla ya mvua kuanza waya wa redio ulikuwa umeteremshwa kutoka kwenye paa la nyumba nyeupe, na mama mmoja wa kizungu alikuwa anauza kofia mle ndani. Najua kwingine walipata makarani wengine. Lakini majira yale, kutoka Bukavu, hakuvuka mtu.

Sikuondoka ofisini mikono mitupu. Vitabu saba vya droo ya chini, vya wale wa Mwenga wasiorudi, nilivificha ndani ya koti. Nilichukua siku nyingi kuvifikisha Mwenga, kwa malori na kwa miguu, bila karatasi ya njia, nikijificha kwenye vizuizi kama mhalifu. Niliingia nyumba kwa nyumba. Katika nyumba ya nne mama mmoja aliyekuwa anatwanga mihogo alikishika kitabu cha mwanawe, akakigeuza, hakujua kusoma. Akauliza, "Nani alimuandika?"

"Ni mimi, mama."

Aliendelea kutwanga. Nilisimama pale mpaka akamaliza kinu chote, kwa sababu sikuona haki ya kuondoka kabla yake. Sikupata neno la kumwomba msamaha ambalo lingemfaa. Nimekwisha zeeka, bado silijui.

Niliporudi Bukavu mtoto alikuwa amezaliwa, msichana mwenye sauti ya mama yake. Jumapili ile tulikwenda misa wote. Shemeji yangu alivaa shati la mistari ya buluu, na Jumapili iliyofuata, na zote za mwaka ule. Dada yangu hakumruhusu kuvaa lingine kanisani hadi kola ilipokwisha kabisa. Mlangoni alimsimamisha mbele yangu, watu wakipita, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye madhabahu:

"Yaya, hesabu vifungo."

Nami nilihesabu, hadi kile chekundu.

"Vyote viko," nilisema.

"Na mwenyewe?"

"Yuko."

Ndipo akatuacha tuingie.